Nguo za Msimu Mmoja na Madhara Yake kwa Maji na Ardhi



Somo letu la mara hii latokana na suala lililoulizwa katika darasa baada ya sala ya ishai. Kijana mmoja alisema: "Maalim, israfu ya chakula twaijua, na israfu ya maji ya udhu tumesomeshwa tangu chuoni. Lakini nguo mtu huinunua kwa fedha yake ya halali, akaivaa, na akichoka nayo akampa maskini. Israfu iko wapi hapo?" Suala hili ni zuri, wala jawabu lake halitoshi kutolewa kwa maneno mawili. Yataka tuifuate nguo tangu ilipokuwa bado haijawa nguo, mpaka itakapokuwa si nguo tena. Kwani madhara yake hayaonekani pale dukani inapoangikwa, wala hayaonekani mwilini mwa aivaaye.

Kwanza tukumbuke jinsi nguo ilivyokuwa ikiishi katika nyumba zetu. Kanga ilinunuliwa, ikakatwa na kupindwa. Mwaka wa kwanza ilikuwa ya kutokea. Ikififia rangi ikawa ya jikoni na ya kulalia. Ikilainika zaidi ikabebewa mtoto, kisha ikakatwa winda. Na mwisho wake ikawa tambara la kufutia au kata ya kuchukulia mtungi. Hata ilipotupwa ilikuwa pamba tupu, ikaoza na kurudi mchangani. Kanzu ya baba ilipunguzwa ikawa ya mtoto. Na ile merikani, nguo nzito iliyoletwa Unguja na marikebu za Salem katika karne ya 19, watu waliipenda kwa kuwa haikwisha upesi. Sisemi kwamba wazee walikuwa malaika. Nguo ilikuwa ghali, na mwenye kitu ghali hukitunza. Lakini hapana budi kukiri kwamba katika ada zile hapakuwa na jaa la nguo. Na leo majaa ya nguo yako, na mengine yaonekana kutoka angani.

Mambo yamegeuka katika umri wa mtu mmoja tu. Mwaka 2000 viwanda vya ulimwengu vilitoa nyuzi za kila namna kadiri ya tani milioni 58. Mwaka 2023 zilifika tani milioni 124. Watu hawakuzidi mara mbili katika muda huo, wala miili yao haikunenepa kiasi hicho. Kilichozidi ni kununua na kutupa. Taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza, katika ripoti yake ya 2017, ilihisabu kwamba utengenezaji wa nguo uliongezeka mara mbili kwa muda wa miaka 15, na hali kila nguo yavaliwa mara chache zaidi kabla ya kutupwa. Na kwamba kila sekunde moja nguo za kujaza lori zima hufukiwa au huchomwa moto. Hii ndiyo biashara iitwayo mitindo ya haraka. Duka halingoji tena msimu wa baridi na msimu wa joto, bali kila wiki laleta mtindo mpya. Na bei imeteremshwa mpaka kumlipa fundi atie kiraka kwamgharimu mtu zaidi kuliko kununua nyingine.

Basi tofauti ya bei ile nani ailipa? Hapa nawaomba ndugu zangu tusafiri kidogo hata nchi ambayo majina ya watu wake tunayo midomoni kila siku.

Mto uliokuwa ukiitwa Jayhun na Waarabu, nao leo ni Amu Darya, washuka kutoka milima ya Pamir. Ukingoni mwake uko mji wa Termez, alikotoka Imam Tirmidhi aliyefariki mwaka 279 wa Hijra. Chini zaidi, mto ulipokuwa ukikaribia kumimina maji yake, ndipo ilipokuwa nchi ya Khwarazm, iliyomtoa al-Khwarizmi, bwana wa hisabu ya aljabri, na al-Biruni aliyezaliwa mwaka 973. Mto mwingine, Sayhun, ao Syr Darya, ulikuja kwa upande wa mashariki. Mito miwili hiyo ilijaza bahari ya ndani ambayo wanajiografia wa Kiarabu waliiita kwa jina la Khwarazm, nasi twaijua kwa jina la Aral. Katika mwaka 1960 ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 hivi. Ajuaye Ziwa Viktoria na apige mfano kwa hilo, maana yalikuwa karibu sawasawa: Viktoria la tatu kwa ukubwa ulimwenguni, na Aral la nne.

Serikali ya Kisovieti iliyokuwa ikitawala nchi zile ilitaka pamba. Ilichimba mifereji ikaipeleka mito jangwani. Mfereji mkubwa kabisa, wa Karakum, ulianza kuchimbwa mwaka 1954, nao ulipita katika mchanga mtupu bila ya kusakafiwa, hata sehemu kubwa ya maji ikazama ardhini kabla ya kufika shambani. Pamba ilipatikana, tena nyingi. Lakini bahari ilianza kurudi nyuma. Kila mwaka wavuvi waliyafuata maji, na kila mwaka maji yaliwakimbia. Chumvi ilizidi, samaki wakafa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi ulikuwa umekwisha. Mji wa Moynaq katika Uzbekistan ulikuwa bandari, una kiwanda cha kutia samaki makoponi. Kiwanda kile kiliendelea kwa muda kwa kuletewa samaki waliogandishwa kwa barafu kutoka bahari za mbali, jambo ambalo mtu wa Lamu ao Vanga akilitafakari hatajua acheke au alie. Leo mashua za chuma za Moynaq zimesimama juu ya mchanga, na maji yako zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Kufikia mwaka 2007 bahari ile ilikuwa imebaki kiasi cha sehemu moja katika kumi, na mwaka 2014 bonde lake la mashariki lilikauka kabisa.

Wala msiba haukuishia kwa samaki. Sakafu ya bahari iliyofunuliwa ilikuwa na chumvi pamoja na dawa za wadudu zilizochukuliwa na maji kutoka mashambani kwa miaka mingi. Upepo huyachukua hayo na kuyapuliza juu ya miji na mashamba, na watu wa Karakalpakstan wameteswa na maradhi ya kifua na upungufu wa damu. Na pamba yenyewe ilichumwa vipi? Kwa miaka mingi walimu, wanafunzi na hata madaktari walitolewa makazini kwa amri wakapelekwa mashambani. Mashirika ya nje yakaisusia pamba ya Uzbekistan, na hawakuondoa mgomo huo ila mwezi wa Machi 2022, baada ya kuthibitika kwamba ushurutishaji ule umekoma.

Huenda mwenye kuhoji akasema: Aral iliharibiwa na serikali, tena kabla ya mitindo hii ya haraka kuzaliwa. Twakubali. Lakini sikutaja habari hii ili nimtwike dhambi yake msichana wa Mombasa anunuaye blauzi. Nimeitaja kwa sababu ni mizani. Yakadiriwa kwamba shati moja la fulana la pamba lataka lita 2,700 za maji tangu shambani mpaka kumalizika. Maji hayo hayatoki dukani. Yatoka katika mto wa watu fulani. Mtu aivaapo fulana miaka sita, mto umepata thamani yake. Aivaapo mara nne akaitupa, mto umemwagwa bure. Tena yafaa kusema kwa insafu kwamba pamba yenyewe si adui. Pamba ya Mpeketoni hunywa mvua, wala haijakausha bahari ya mtu. Na huko Aral kwenyewe, upande wa kaskazini, serikali ya Kazakhstan kwa msaada wa Benki ya Dunia ilimaliza kujenga boma la Kok-Aral mwaka 2005. Maji yakapanda, chumvi ikapungua, na wavuvi wakarudi. Upande wa kusini haukurudi.

Baada ya kufumwa, nguo hutiwa rangi, na hapa sitakaa sana. Itoshe kujua kwamba rangi haishiki yote katika uzi: sehemu yake huoshwa pamoja na chumvi nyingi na dawa nyingine, na kiwanda kisichosafisha maji yake huyaachilia mtoni. Mto Citarum katika Java, wenye viwanda vingi vya nguo hasa upande wa Majalaya, ulifika hali ambayo serikali ya Indonesia ilibidi mwaka 2018 ipeleke wanajeshi kuusafisha. Mito iuzungukayo Dhaka iko katika dhiki kama hiyo. Na katika Savar, karibu na Dhaka, tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliwaangukia washonaji wa nguo za nje, wakafa watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Washonaji walilazimishwa kuingia kwa kuwa mizigo ilikuwa yangojewa.

Sasa twaja kwenye jambo lililo karibu nasi zaidi, nalo ni kwamba nguo nyingi za leo si nguo ya mmea wala ya mnyama. Mwaka 1941 Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, waliokuwa wakifanya kazi katika shirika la wapiga chapa wa kaliko la Manchester, waliandikisha uvumbuzi wa uzi unaotokana na mafuta ya petroli. Uzi huo ndio poliesta, nao mwaka 2023 ulikuwa zaidi ya nusu ya nyuzi zote zilizotolewa ulimwenguni. Ni plastiki, ndugu yangu. Ni jamaa moja na chupa ya maji uinunuayo stesheni. Serikali yetu ilikataza mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, nasi tukashika vikapu na tukasifu. Lakini mwanamke aingiaye sokoni na kikapu chake cha ukindu, buibui alilolivaa mara nyingi ni plastiki, na kanzu ya mumewe huenda ni plastiki, na kanga yake ikiwa ni ya bei rahisi, basi nayo yaweza kuwa hivyo.

Mwenye kutaka kujua na achomoe nyuzi mbili tatu kutoka upindo wa ndani, azishike kwa koleo juu ya sahani ya udongo na kuzitia moto, mbali na watoto. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini, hupeperuka. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha punje ngumu isiyovunjika kwa vidole. Tulifanya hivi darasani kwa nguo tisa walizokuja nazo watu wenyewe. Sita zilitoa punje. Mzee mmoja aliyekuwa akijivunia kanzu yake ya "pamba ya Misri" alinyamaza usiku ule wote.

Punje ile ndiyo khabari yenyewe. Pamba ikizikwa huoza; poliesta hukaa. Tena haingoji kutupwa ndipo idhuru. Kila ifuliwapo hutoa vinyuzi visivyoonekana kwa jicho. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Plymouth waliandika mwaka 2016 kwamba mashine moja ya kilo sita za nguo za akriliki, naye ni ndugu wa poliesta, yaweza kutoa vinyuzi zaidi ya 700,000. Shirika la IUCN mwaka 2017 lilikadiria kwamba katika vipande vidogo vya plastiki vinavyoingia baharini vikiwa vidogo tangu mwanzo, kiasi cha asilimia 35 vyatokana na ufuaji wa nguo kama hizi. Sisi ni watu wa pwani. Maji mengi ya kufulia ya mji wetu, kwa mfereji ao kwa shimo, mwisho wake ni bahari, na katika bahari hiyo ndimo tutoamo tasi na changu.

Turudi kwa kijana wetu, aliyesema kwamba akichoka na nguo humpa maskini. Neno hili ni la kweli kwa nguo moja na maskini mmoja ajulikanaye. Lakini ulimwengu mzima ukisema hivyo kwa pamoja, maskini huwaje? Katika Chile, bandari ya Iquique huletewa nguo tani 59,000 kwa mwaka, na mwaka 2021 yalitangazwa makadirio kwamba tani 39,000 katika hizo, ambazo hazikupata mnunuzi, ziliishia kumwagwa katika jangwa la Atacama karibu na Alto Hospicio. Jangwa lile halina mvua ya kuozesha kitu. Mwezi wa Juni 2022 rundo liliwaka moto, na majirani wakavuta moshi wa plastiki. Katika Accra, soko la Kantamanto limeishi miaka mingi kwa nguo kama hizo, ambazo Waghana huziita obroni wawu, yaani nguo za mzungu aliyekufa, kwa kuwa hawakuweza kuamini kwamba mtu aliye hai atatupa nguo nzima. Zisizouzika huchukuliwa na mvua mpaka baharini, hujisokota kama kamba ndefu na kunasa nyavu za wavuvi. Soko lenyewe liliteketea kwa moto mwanzoni mwa Januari 2025, na wenye vibanda wakaanza kulijenga upya.

Na sisi tuna Kongowea, na Nairobi ina Gikomba. Hapa yataka tuseme kwa uangalifu, kwani wengi wa ndugu zetu wapata riziki katika mitumba, na mtumba ulio mzima ni jambo jema: ni nguo iliyopewa umri wa pili, na umri wa pili ndio tuusifuo katika kanga ya bibi. Tatizo ni lile lililomo ndani ya robota. Mchuuzi hulinunua likiwa limefungwa, hajui kilichomo. Akilifungua hukuta mashati mazuri, na chini yake hukuta yaliyochanika, yenye madoa, na poliesta nyepesi ambayo haikukusudiwa kufuliwa mara kumi. Hasara hiyo yamwangukia yeye, si aliyeituma. Mashirika ya Changing Markets na Clean Up Kenya yalitoa ripoti mwaka 2023 kwamba nguo za plastiki zaidi ya milioni 300 huletwa Kenya kila mwaka zikiwa mbovu ao hazifai kuvaliwa. Chama cha wafanyabiashara wa mitumba kikakanusha, kikasema kitupwacho ni kidogo sana. Mimi nasema: mwenye shaka na aende Gikomba akatazame kingo za Mto Nairobi pale zinapopita nyuma ya soko. Mto hauna upande katika ugomvi huo.

Kukataza kabisa kumejaribiwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuacha mitumba kwa muda wa miaka mitatu. Marekani ikatishia kuwaondolea msamaha wa ushuru. Kenya ikajitoa katika azimio mwaka 2017, na Rwanda iliyoshikilia ikanyimwa msamaha huo kwa nguo zake mwezi wa Julai 2018. Mwaka 2020 Kenya ilizuia mitumba tangu Machi mpaka Agosti kwa khofu ya korona, kisha ikafungua, kwani wauzaji walikuwa wamebaki bila ya kazi. Basi mlango huu mwananchi hawezi kuufunga peke yake. Lakini uko mlango mwingine ambao ufunguo wake tunao wenyewe, nao umo ndani ya nyumba zetu.

Nakusudia sare za harusi. Zamani sare ilikuwa leso moja: jamaa wakapatana rangi, kila mmoja akanunua yake, na harusi ikisha leso ikarudi katika kazi zake za kila siku. Leo kuna sare ya usiku wa hina, sare ya siku ya akdi, sare ya usiku wa kupamba, na wengine wameongeza ya chakula cha siku ya pili. Mara nyingi ni poliesta yenye vimetameta, na vimetameta vyenyewe ni plastiki. Haivaliki tena, kwa kuwa imekwisha kuonekana, na katika harusi ya pili mtu hatakiwi aonekane na ya kwanza. Mwaka uliopita katika jamaa yetu wenyewe paliolewa binti mmoja, na wanawake 70 walitakiwa sare tatu kila mmoja. Hizo ni nguo 210 kwa siku tatu. Mjane mmoja alikopa ili asiachwe nyuma, na deni lile alikuwa bado akililipa na hali ndoa ina miezi minane. Nguo zenyewe nilipouliza ziko wapi, niliambiwa ziko mvunguni. Wala hapana wa kupewa, kwani maskini naye hana pa kwendea na gauni la vimetameta.

Nilipoyasema haya darasani kulikuwa na mabishano. Kina mama waliokuwa nyuma ya pazia walileta hoja ambayo naiona ni ya haki: kwamba wanaume ni wepesi kusema juu ya sare, na hali wao wenyewe hununua kanzu mpya kila Idi na fulana za timu za mpira za Uingereza kila mwaka timu zigeuzapo jezi. Kweli. Jezi ile ni poliesta tupu, na ya mwaka jana haina kosa ila tarehe. Hoja hiyo iliandikwa pamoja na nyingine.

Mapatano yaliyofikiwa ni haya. Harusi za watu wa darasa hili zitakuwa na sare moja tu, nayo ni leso ya pamba, iliyochomwa uzi kwanza kabla ya kununuliwa kwa wingi. Atakaye gauni na ashone kwa kitambaa cha pamba na kwa mshono wa kuvalika siku nyingine. Asiyeweza kununua na aje na leso aliyonayo, wala asiulizwe. Nguo za sare zilizoko mvunguni zitakusanywa, na fundi mmoja wa cherehani wa Mji wa Kale amekubali kuzitazama, aone zipi zaweza kugeuzwa mapazia, foronya ao nguo za watoto. Jamaa mbili zenye harusi baada ya Ramadhani zimekwisha kukubali shuruti hizi. Ya tatu yangoja jawabu la upande wa bwana harusi.